Kubadilisha maunti za injini ya Hilux ya zamani ukiwa nyumbani

Injini ya pikapu haifungwi moja kwa moja kwenye chasisi. Inakalia mipira mitatu iliyogandishwa kwenye vyuma: miwili mbele, mmoja kila ubavu, na wa tatu nyuma chini ya giaboksi, juu ya ile boriti inayokatiza chasisi ambayo mafundi huiita krosimemba. Hizo ndizo maunti. Zina kazi mbili: kubeba uzito, na kuiacha injini icheze kwa kiasi ili mtikisiko wake usihamie wote kwenye bodi. Kazi hizo mbili zibaki kichwani mwako tangu unapofungua nati ya kwanza. Karibu kila kosa ninaloliona kwenye maunti, kuanzia mpira wa tairi uliochongwa hadi braketi iliyochomelewa, linatokana na fundi kujali kubeba uzito na kusahau kuiacha injini icheze.

Nitazungumzia Hilux za kizazi cha 1988 hadi 1997, hasa LN106 yenye injini ya dizeli iitwayo 3L, silinda nne, cc 2,779. Ni gari ambalo bado linabeba mihogo, saruji, mbuzi na watu katika nusu ya barabara zetu za vumbi, na mengi hayajawahi kubadilishiwa maunti hata mara moja. Mwenye Nissan Hardbody, Isuzu TFR au Mitsubishi L200 ya zama hizo atafuata njia hii hii. Injini imelazwa kwa urefu wa gari, na tofauti itakuwa kwenye umbo la braketi na idadi ya bolti.

Kwanza hakikisha ni maunti kweli

Dizeli ya silinda nne ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, mizunguko kama 750 kwa dakika, huwaka mara 25 kila sekunde. Mipigo yote hiyo inapita kwenye maunti. Mpira ukichoka, utauhisi mtikisiko kwenye usukani, kwenye sakafu, kwenye vioo, na mkono wa gia utakuwa unacheza wenyewe gari likiwa limesimama. Dalili nyingine ni mgongano mzito wa chuma unapozima injini au unapoachia klachi, gia kuchomoka yenyewe kwenye matuta, na feni kukwaruza kava lake. Ekzosi inayopasuka kila mara karibu na manifoldi nayo ni dalili, ingawa wengi huchomelea bomba mara nne kabla ya kutazama maunti.

Lakini si kila mtikisiko ni maunti. Nozeli mbovu, ile inayonyunyizia dizeli kwenye silinda, huifanya injini imisi, yaani silinda moja isiwake vizuri, na kutikisika hata kama mipira ni mipya. Krosi iliyokwisha, kile kiungo cha propela shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, nayo hugonga unapoondoka. Kwa hiyo pima, usikisie.

Kipimo ni hiki. Simamisha gari mahali peupe pasipo na mtu mbele wala nyuma. Fungua boneti. Mtu unayemwamini, anayeijua klachi vizuri, akae kwenye usukani, avute handibreki na kukanyaga breki kwa nguvu. Wewe simama ubavuni, usisimame mbele ya gari hata kidogo. Mwambie aweke gia ya kwanza, aachie klachi taratibu hadi injini ianze kuvuta kidogo tu, kisha aikanyage tena. Tazama injini inavyonyanyuka. Halafu arudie kwa gia ya rivasi.

Injini yenye maunti nzima itainama kidogo na kurudi. Ikiruka sentimita mbili na nusu au zaidi, maunti imekatika. Na upande unaoruka unakwambia ni ipi. Ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva unatazama mbele, gari likivuta kwenda mbele injini hujikunja kuelekea kulia, hivyo ubavu wa kushoto ndio unaovutwa juu. Ikiruka kushoto kwenye gia ya kwanza, maunti ya kushoto imekwenda. Ikiruka kulia kwenye rivasi, ni ya kulia. Ndiyo maana ya kushoto hufa mapema: ndiyo inayovutwa kila unapoondoka na mzigo, na gia ya kwanza huzidisha nguvu hiyo mara kadhaa.

Zima injini, iache ipoe, kisha ingia chini na tochi. Weka mtarimbo kati ya braketi ya injini na chasisi, uinue kidogo huku ukitazama mpira. Mahali palipokatika patafunguka mbele ya macho yako: utaona ufa mweusi wenye unga laini wa mpira, na mara nyingi chuma kinachong'aa pale mpira ulipoachana na bamba lake. Chuma kinachong'aa ndicho ushahidi mkubwa, maana hung'aa kwa kusuguliwa, na husuguliwa tu kama mpira haupo tena kazini. Nyufa ndogo za juu juu kwenye ngozi ya mpira ni uzee wa kawaida, hizo pekee hazitoshi kuihukumu.

Nani aliyeiua?

Hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo kabla ya kwenda dukani. Maunti ya Hilux iliyotunzwa inaweza kukaa miaka mingi sana. Ikifa mapema kuna kitu kimeiua, na ukifunga mpya bila kukishughulikia, hicho hicho kitaiua na hiyo.

Muuaji mkubwa ni oili. Mpira wa asili hauvumilii oili wala dizeli: huvinyonya, ukavimba na kulainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, kisha ukachanika. Shika mpira wa zamani kwa vidole. Ukiwa mgumu na wenye nyufa, umekufa kwa joto na umri. Ukiwa mlaini, umenona na unatoa weusi mkononi, umelewa oili, basi fuata njia ya oili kwenda juu. Mara nyingi utafika kwenye gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, au kwenye pampu ya dizeli na mabomba yake. Kwa maunti ya nyuma, tazama sili ya mwisho wa giaboksi na ile ya mwisho wa injini inayovujisha ndani ya nyumba ya klachi.

Wauaji wengine ni injini inayomisi kwa miezi, klachi inayoshika kwa kushtuka, mzigo unaozidi uwezo wa gari, na maunti moja mbovu iliyoachwa ikazibebesha nyingine kazi yake. Hilo la mwisho ndilo linanifanya nisisitize: badilisha zote tatu kwa pamoja. Maunti mpya ya kushoto ikikaa na ya kulia iliyokwishabonyea, injini inakaa upande, na mpya inaanza kuvutika siku hiyo hiyo. Kama fedha haitoshi kwa zote, nunua mbili za mbele sasa na ya nyuma baadaye, lakini usinunue moja ya mbele peke yake.

Kununua

Nenda dukani na maunti ya zamani mkononi, au kama bado imo ndani ya gari, nenda na picha zake na namba ya chasisi. Kariakoo na Gerezani kwa wa Dar es Salaam, Kirinyaga Road kwa wa Nairobi, Kisekka kwa wa Kampala: kote huko utakuta maunti za aina tatu juu ya kaunta moja, na muuzaji atakuambia zote ni "original". Usibishane naye, kagua mwenyewe. Mpira uwe umeshikana na bamba la chuma pande zote bila pengo la kuingiza kucha. Usiwe na mapovu wala ukingo uliokwanguliwa. Ubonyeze kwa dole gumba: uwe mgumu lakini urudi. Nyuzi za stadi, zile bolti zisizo na kichwa zilizotokeza kwenye maunti, zipite nati kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Tazama kama kuna alama ya kulia na kushoto, kwani kwenye magari mengi hizo mbili hazifanani, na tazama pini ndogo ya kuelekeza iko mahali sawa na kwenye ile ya zamani.

Mpya itakuwa ndefu kuliko yako ya zamani kwa milimita kadhaa. Usishtuke, ya zamani imebonyezwa na uzito kwa miaka. Linganisha nafasi za mashimo na stadi, usilinganishe urefu.

Maunti za mtumba siziungi mkono hata kidogo. Mpira huzeeka hata ukiwa kwenye rafu, na iliyotoka kwenye gari lililokatwa imeshatumikia maisha yake. Kuhusu mpira wa tairi uliochongwa na kubanwa kwa bolti ndefu: nimeuona ukiendesha magari, na naelewa mtu aliye kilomita mia mbili kutoka duka la karibu akiufanya ili afike. Lakini ile bolti inayopita katikati inaunganisha chuma kwa chuma, kwa hiyo mtikisiko unapita wote. Afike, kisha auondoe. Kuchomelea injini kwenye chasisi ni jambo baya zaidi. Nguvu ambayo mpira ungeimeza inakwenda kwenye braketi na chasisi, na nyufa zitakazofuata utazitafuta kwa gharama kubwa kuliko maunti kumi.

Vifaa

Utahitaji soketi na ringi spana za 12, 14, 17 na 19, raketi yenye ekstensheni ndefu, mtarimbo, bisibisi bapa, brashi ya waya, mafuta ya kupenyeza kutu, plaizi ya kujifunga, jeki ya chupa au ya magurudumu, stendi mbili za jeki zilizo imara, na kipande cha mbao ngumu kama mninga, chenye unene wa sentimita tano na upana wa kutosha kutandaza uzito. Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, ukiipata kwa kuazima, vizuri sana. Nunua nati na springi washa mpya kabisa, zile za zamani zimeshapoteza ukali wake.

Siku moja kabla, piga brashi nati zote na uzilowanishe kwa mafuta ya kupenyeza jioni, kisha tena asubuhi. Kazi hii ndogo ndiyo inayoamua kama utamaliza saa sita mchana au kesho yake.

Kuandaa gari

Injini iwe baridi. Gari liwe juu ya sakafu ya zege au ardhi ngumu iliyo sawa. Mchangani na kwenye udongo uliolowa usijaribu, jeki itazama wakati mikono yako iko ndani. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, vuta handibreki, weka gia huru. Kama unahitaji nafasi ya kuingia chini, inua mbele ya chasisi na uikalishe kwenye stendi mbili kabla ya kugusa injini.

Toa waya hasi wa betri. Injini itapanda, na waya mnene wa stata ukivutika na kugusa chuma utapata cheche mahali pasipotakiwa.

Sasa zunguka injini na simu yako, piga picha kila kitu, halafu jiulize: ikipanda sentimita nne, nini kitavutika? Fungua bolti za kava la feni na ulisogeze nyuma juu ya feni, vinginevyo panga za feni zitalivunja au zitakula rejeta. Legeza bomba la hewa linalotoka kwenye kichujio. Kagua hozi za rejeta, mabomba ya dizeli, bomba la klachi, kebo ya aksileta, na waya wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi. Huo wa ethi husahauliwa sana. Bomba la ekzosi likiwa limeshikwa kwenye giaboksi kwa klampu, ilegeze.

Kubeba injini

Injini ya dizeli ya namna hii, yenye bloku ya chuma cha kusubu, inakaribia kilo 200 au kuzipita. Ichukulie hivyo.

Njia ninayoipendelea ni cheni bloku inayoning'inia kwenye boriti ya chuma au kreni ya injini, ikishika zile ndoano za kuinulia zilizofungwa kwenye silinda hedi. Huku chini kunabaki peupe, na injini inapanda wima. Tawi la mti si boriti. Najua gereji nyingi ziko chini ya mwembe, na injini nyingi zimetolewa kwenye tawi lake, lakini tawi huvunjika bila kutoa taarifa, na safari hii kichwa chako kitakuwa chini.

Kama huna kreni, tumia jeki chini ya sampu, lile karai la oili, ukiweka mbao katikati ili uzito utandae hadi kwenye kingo zake. Bila mbao, jeki itabonyeza bati la sampu na linaweza kugusa kichujio cha kuvutia oili ndani. Kwenye LN106 ekseli ya mbele inapita jirani, nafasi ya jeki ni finyu, hivyo pima mbao yako na uikate kabla ya kuanza. Usiweke jeki kwenye puli ya krenki wala kwenye plagi ya kumwagia oili.

Pandisha hadi uone mpira wa maunti ukianza tu kupumua, yaani uzito umetoka juu yake lakini bado haujavutika. Simama hapo. Kisha sogeza stendi au magogo ya mbao karibu na sampu kama akiba, jeki ikishuka ghafla iangukie hapo. Kuanzia sasa kanuni ni moja na haina udhuru: kidole kisiingie kati ya maunti na braketi wakati kinachoishikilia injini ni jeki peke yake. Ukihitaji kusogeza kitu humo, tumia bisibisi.

Maunti za mbele

Anza na nati za juu za maunti zote mbili, kushoto na kulia. Zifungue zote, maana ukiacha upande mmoja umebana, injini itapinda na kuuchana mpira unapoinua. Kisha legeza bolti za chini za upande unaoanza nao, zile zinazoshika maunti kwenye braketi ya chasisi.

Nati iliyoganda isilazimishwe. Ikaze kwanza kidogo sana, uvunje kutu, ndipo uifungue, ukirudi mbele na nyuma na kuongeza mafuta. Usilete gesi ya kuchomea hapo. Mabomba ya dizeli na hozi ziko sentimita chache tu.

Kuna tatizo moja linalowatesa wengi: nati inazunguka na stadi nzima, kwa sababu mpira umekatika na hakuna kinachoizuia stadi. Bana bamba la chuma la maunti kwa plaizi ya kujifunga, ing'ang'anie kwenye braketi, au penyeza ncha ya mtarimbo kati ya bamba na chasisi lisiweze kuzunguka. Ikishindikana, kata nati kwa msumeno wa chuma, taratibu, ukisimamia upande wa nati na si wa braketi. Ni kazi ya subira, lakini msumeno hautoi cheche kama grainda.

Sasa inua injini kidogo kidogo, ukizunguka kutazama hozi na feni kila inapopanda sentimita moja. Kawaida sentimita tatu au nne zinatosha stadi kutoka kwenye tundu lake. Chomoa maunti ya zamani kwa mtarimbo, iweke sakafuni kando ya mpya, na ulinganishe mara ya mwisho.

Kabla mpya haijaingia, safisha braketi zote mbili hadi uone chuma. Hapa chukua muda wako. Pitisha brashi ya waya kwenye kona zote, kausha, kisha angalia kwa tochi ukiwa karibu sana. Tafuta mstari mwembamba wenye kutu nyekundu unaoanzia kwenye tundu la bolti au kwenye ukingo wa weldingi. Huo ni ufa. Maunti iliyokuwa ikipigapiga kwa miezi huipasua braketi, na mara nyingi ufa unafichwa na matope yaliyochanganyika na oili. Braketi iliyopasuka ya injini ibadilishwe. Ile ya chasisi ipelekwe kwa mchomeleaji anayejua chasisi, itolewe ufa wote kwa grainda kabla ya kuchomelewa. Kama ni nzima, ipake rangi ya kuzuia kutu na uiache ikauke.

Ingiza maunti mpya, pini yake ya kuelekeza ikae kwenye tundu lake. Upande wa ekzosi kuna bati jembamba la kukinga joto juu ya mpira. Lirudishe. Nimeona mabati hayo yakitupwa kama takataka, na maunti inayokaa wazi mbele ya ekzosi hukauka na kupasuka mapema mno. Usipake grisi kwenye mpira. Ukigoma kuingia, maji ya sabuni yanatosha.

Anzisha bolti zote kwa vidole. Bolti inayogoma kwa vidole itaharibu nyuzi kwa spana. Zifikishe mahali washa zinapogusa, usikaze. Hamia upande wa pili ukafanye vivyo hivyo, kisha shusha injini hadi stadi ziingie kwenye matundu ya braketi, uweke nati za juu kwa mkono tu.

Maunti ya nyuma

Hii ni fupi. Beba giaboksi kwa jeki na mbao, mbao ikikaa kwenye sehemu nene ya kasha, si kwenye plagi wala kwenye ukingo mwembamba. Kasha ni la aluminiamu na hupasuka. Fungua nati za maunti juu ya krosimemba, kisha bolti za krosimemba kwenye chasisi, ukiishika isikuangukie. Inua giaboksi kidogo, badilisha mpira, tazama sili kama inavuja, rudisha krosimemba. Bolti zote ziwe za mkono kwanza.

Kukaza

Wengi huharibu kazi yao hapa. Wanakaza kila bolti inapoingia, injini ikiwa bado juu ya jeki. Injini ikishushwa, mipira inabaki imejipinda kwenye mkao iliyokazwa nayo, na mtikisiko unaendelea kama vile hawakufanya kitu.

Toa jeki zote, uzito wote ukae juu ya maunti zikiwa bado zimelegea. Shika injini kwa mikono miwili upande wa juu, itikise kwa nguvu kulia na kushoto mara kadhaa, kisha giaboksi nayo kwa chini. Utaona inatafuta mahali pake na kutulia. Sasa ndipo ukaze, ukianza na bolti za maunti kwenye chasisi, kisha krosimemba, na mwisho nati za juu na za maunti ya nyuma.

Fuata vipimo vya kitabu cha gari lako. Kama huna kitabu, tazama namba iliyo kwenye kichwa cha bolti. Kwa viwango vya kawaida vya Toyota, bolti ya spana 14 yenye namba 4, au isiyo na alama, inaishia Nm 26 (Nm ni Newton mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na yenye namba 7 ni Nm 52. Ya spana 17 ni Nm 47 kwa namba 4 na Nm 95 kwa namba 7. Huna toki renchi? Kwa spana yenye mkono wa sentimita 25, Nm 52 ni sawa na kusukuma mwisho wa mkono huo kwa nguvu ya kilo 21 hivi. Usivike bomba kwenye spana kuongeza urefu. Nyuzi ziwe kavu na safi, kwa sababu oili kwenye nyuzi hukufanya ukaze kupita kiasi bila kujua.

Kurudisha na kujaribu

Funga kava la feni, zungusha feni kwa mkono mzunguko mzima, uone nafasi iko sawa pande zote. Injini sasa imekaa juu kuliko ilivyozoea, kwa hiyo feni inaweza kuwa karibu na ukingo wa juu wa kava. Bolti za kava zina nafasi ya kusogea, lirekebishe. Kaza klampu ya ekzosi baada ya kuhakikisha bomba haligusi chasisi wala sakafu, rudisha bomba la hewa, waya wa ethi, kisha betri.

Washa ukiwa na mtu wa kutazama chini. Sikiliza kama kuna chuma kinachogusana, kagua uvujaji, kisha rudia kile kipimo cha gia ya kwanza na rivasi. Injini iiname kidogo na kurudi bila kugonga. Endesha taratibu kwenye barabara mbovu karibu na nyumbani, kisha ingia tena chini na utazame.

Baada ya kilomita 500 hivi kaza tena nati zote kwa kipimo kilekile, mpira mpya hujibonyeza kidogo mwanzoni. Na kama sailensa bado inatikisa usukani ingawa injini hairuki, kwanza pima kama mizunguko haijashuka chini ya kiwango chake. Ikiwa iko sawa, legeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa sailensa, ukivaa miwani na glavu na kuweka mikono mbali na dizeli inayochuruzika. Nozeli ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki ndiyo inayomisi, na hiyo ni kazi ya fundi pampu.